Gari la Baba Linarukaruka

Gatitu, 11 Aprili 1999

Kwako mama yangu Murugi, wewe uliyechukua jina la mama yangu pamoja na ukali wake,

Nakusalimu, wewe na huyo unayembeba tumboni. Hapa ng'ombe amezaa dume na mvua imeanza. Baba yako ametoka hospitali na anakula. Saa hii amesimama nyuma ya bega langu na fimbo yake, ananiangalia nikiandika, na nikimaliza lazima nimsomee kila neno. Kwa hivyo ukiona maneno makali ujue si yangu.

Shida ni ile kompyuta uliyotuletea Krismasi, yenye usukani na pedeli na mchezo wa magari. Unajua vile aliipenda. Mtu amestaafu lori ya majani chai, anakaa nyumbani akigombana na kuku, halafu unamletea barabara ndani ya sebule! Januari yote nilikuwa nikipasha chakula chake mara mbili. Sasa daktari amesema mkono wa kulia usipopewa kazi utajikunja na utabaki hivyo. Akampa mpira wa kuminya. Baba yako akauangalia ule mpira, akauliza kama daktari ana watoto, akawapelekee. Nikamwambia, basi shika usukani wako. Akashika! Murugi, vidole vilivyoshindwa na kijiko vilishika usukani. Nilienda jikoni nikalia kidogo, nikarudi.

Lakini hakupita hata kona ya pili. Ati gari linarukaruka. Ati barabara inakuja vipande vipande kama mkate. Akashikwa na kichefuchefu, akatapika. Kila siku ni hivyo, anajaribu, anatapika, anaacha.

Mimi nikiangalia naona gari tu. Baba yako mdogo Theuri alikuja akaangalia pia, akamwambia baba yako, "Wamae, mashine haina shida. Shida ni kichwa." Karibu wapigane. Na daktari alituambia akianza kuona vitu vikiruka tumrudishe mbio, kwa sababu kiharusi kinaweza kurudi mara ya pili.

Baba yako anasema niandike hivi: "Kichwa ni changu na ninakijua. Hiyo mashine imefungwa gavana ya kuzuia mwendo, kama lori ya kampuni." Nimeandika.

Sasa mama, wewe ndiye uliyesomea hizi vitu. Ni mashine au ni yeye? Nijibu haraka, sina amani.

Mimi mama yako,
Waithira

*

Nanyuki, 17 Aprili 1999

Mama, na wewe Baba unayesomewa,

Barua yenu nimeisomea hapa dukani kwa Khadar. Nilikunja uso mpaka akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia ni kompyuta. Ningekuja mwenyewe niimalize kwa dakika kumi, lakini daktari wangu ameniambia nikipanda gari kwa ile barabara mtoto atatoka kabla ya siku zake. Khadar amenipa kiti chenye mto, nauza redio nikiwa nimekaa kama malkia. Kwa hivyo Mama, wewe ndiwe mikono yangu. Tafadhali fanya nitakavyosema, usiongeze lako.

Kwanza, vitambaa. Najua umeifunika. Nyumba hiyo redio iko na kitambaa, themosi iko na kitambaa, hata kalenda nimeiona na kitambaa! Lile sanduku linapumua kwa matundu ya nyuma. Toa vitambaa vyote, hata kile cha waridi.

Pili, Baba akiwa barabarani, bonyeza kitufe cha juu kilichoandikwa F8. Namba itatokea pembeni mwa skrini. Hizo ni picha ambazo ile kadi ya picha iliyo ndani ya sanduku inachora kila sekunde. Picha zikiwa nyingi, gari linateleza. Zikiwa chache, linaruka. Krismasi zilikuwa karibu sitini. Niandikie namba unayoiona, si ile unayofikiri itanifurahisha.

Tatu, kuna mtu ameigusa tangu niondoke?

Murugi

*

Gatitu, 24 Aprili 1999

Kwako Murugi,

Vitambaa nimetoa. Kile cha waridi nilikifuma nikiwa na mimba yako, lakini wacha tu. Mashine sasa iko uchi kama kuku wa Krismasi na gari bado linaruka.

Namba ni thelathini. Nimeangalia na miwani na bila miwani. Barabara ikinyooka ni thelathini, kwa kona ni thelathini. Baba yako alisimamisha gari mbele ya ukuta likatulia kabisa, na bado thelathini. Hapo akapiga meza kwa ule mkono mzima, akasema, "Umeona? Injini mgonjwa hupanda na kushuka. Hii haipandi wala haishuki. Imekatwa na mtu!" Theuri alikuwa hapa. Akasema hata redio iko na namba na haimaanishi kitu. Wakaanza tena.

Huyu Theuri naye amekuja na mbuzi. Mbuzi mzima, dume! Baba yako akamuuliza, "Ya nini?" Akasema ya supu. Baba yako akasema, "Wewe tangu tuzaliwe hujawahi kuniletea hata yai." Theuri akaangalia chini. Basi, tumechinja.

Hakuna mtu aliyecheza na hiyo mashine isipokuwa baba yako. Ukikaa kwa hicho kiti inua miguu, isivimbe.

Mama yako,
Waithira

*

Nanyuki, 30 Aprili 1999

Mama, msomee Baba hapa mara mbili: Si kichwa chako, Baba. Ni mashine.

Ingekuwa kadi imechoka, namba ingepanda na kushuka. Kukaa thelathini bila kutingishika ni kwamba imezuiwa. Nitaeleza kama nilivyoelezwa na Khadar, ila yeye alitumia mfano wa ngamia na mimi nitatumia wa majani chai. Skrini ni kama lori yako, Baba. Inapita kituoni kwa saa zake, haingojei mtu. Kadi ni yule mama mwenye kikapu cha majani. Akiambiwa atoe picha wakati wowote iko tayari, anatoa na kwenda. Lakini akiambiwa angojee lori, akichelewa kidogo tu, lori imeenda, na lazima akae mpaka inayofuata. Kila picha inakosa zamu moja. Ndiyo sababu mnapata nusu ya sitini.

Krismasi mimi niliiambia kadi isingoje. Niliiambia ndani ya mchezo wenyewe. Mama, fungua mchezo, nenda mahali pa picha ya gurudumu la meno, mstari wa nne kutoka juu. Kisanduku kinatakiwa kiwe kitupu. Kikiwa na alama, bonyeza iondoke.

Kikiwa kitupu na bado ni thelathini, basi kuna mtu aliingia ndani zaidi ya mchezo, akatoa amri kwa kadi yenyewe. Kuna kurasa nyingi huko na siwezi kukutuma gizani. Lazima nijue ni nani na alikuwa anafanya nini. Sijauliza nani amecheza. Nauliza nani ameishika, hata kama ni kuandika jina lake tu. Mama, kadi haijibadilishi yenyewe!

Murugi

*

Gatitu, 8 Mei 1999

Murugi,

Kisanduku ni kitupu. Kilikuwa kitupu hata kabla sijafika. Namba ni thelathini.

Usinipigie kelele kwa barua. Nimekuambia hakuna mtu.

Baba yako alijaribu mara ya mwisho Jumatano. Alitapika kwa shati. Akachomoa usukani na mkono mmoja, akausukuma chini ya kitanda kwa mguu, akalala akiangalia ukuta. Hataki kuongea na Theuri, hataki kuongea na mimi. Nikimsomea kwamba si kichwa chake anasema, "Hata wewe huamini. Unasoma tu." Kidole kidogo kimeanza kujikunja. Nikikinyoosha kinarudi.

Amesema niandike hivi: "Uza hiyo mashine."

Waithira

*

Gatitu, 9 Mei 1999

Murugi mama yangu,

Hii barua baba yako hajui. Naiandikia kwa ofisi ya Sheila, yule msichana wa kupiga taipu hapa sokoni Gatitu, na nimeshachoma karatasi mbili nikishindwa kuanza. Kaa chini kwanza. Umekaa? Baba yako yuko hai. Nimeanza na hilo ili usishtuke, kwa sababu ya mtoto.

Umeniuliza mara mbili nani alishika mashine, na mara mbili nimejibu na baba yako akiwa hapo nyuma. Ningesema nini? Na haki ya Mungu sikujua kwamba kuandika barua kunaweza kuharibu gari. Nilifikiri ni vitu viwili.

Ilikuwa ile wiki yuko hospitali. Theuri alienda kumwona asubuhi na uji. Akafika kwa kitanda, akakuta hakuna mtu, na godoro limekunjwa. Murugi, wewe unajua godoro likikunjwa wadi huwa ni nini. Hakuuliza nesi, hakuuliza mtu. Alikuja mbio mpaka hapa, akashika mlango, akasema, "Shemeji, ametuacha."

Sitakuambia nilivyokuwa. Mchana huo nyumba ilijaa. Jioni kamati ya mazishi ilikuwa imekaa, mwenyekiti ni Theuri, katibu ni Theuri. Kama kawaida yetu, mtu wa kuchimba kaburi alipatikana kabla ya mtu wa kuuliza vizuri. Wakasema kijitabu cha mazishi kiandikwe mapema, na kwa nini walipe mjini na kompyuta iko hapa sebuleni? Wakamwita Sheila. Akakaa pale pa baba yako, akaandika maisha yake yote, nyimbo, watoto, kila kitu. Picha tuliyokuwa nayo ni ile amesimama na lori. Sheila akasema uso wake unaonekana kama umepakwa unga, ngoja arekebishe mashine ionyeshe picha safi. Akabonyeza, akabonyeza. Uso ukatoka mzuri, mpaka ile kovu ya kidevu. Watu wakalia upya.

Kwako tulikubaliana Ngatia bwanako ajue kwanza, akuambie polepole kwa sababu ya hali yako. Theuri alikuwa aende Nanyuki kesho yake.

Kesho hiyo mimi nikaenda hospitali na suti yake, ya kumvalisha. Nesi akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Akanipeleka wadi ya upande ule mwingine, karibu na meza yao. Walikuwa wamemhamisha usiku ili wamwangalie vizuri, godoro lake wakalikunja lipelekwe kwa jua. Baba yako alikuwa amekaa, anakunywa uji kwa mrija. Akaangalia suti. Akasema, kwa ule mdomo uliopinda, "Kwani tunaenda harusi?"

Nikamwambia ni ya kurudi nayo nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna mtu ameweza kumwambia. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba ulimlilia, ukampangia saa ya ibada, na shimo likapimwa? Wazee walimwambia Theuri achinje mbuzi kuondoa hiyo bahati mbaya. Sasa umejua mbuzi ilitoka wapi.

Sasa niambie, Murugi. Ni hiyo ndiyo imefunga gari? Jibu kwa sanduku la posta la Sheila. Usiandike nyumbani.

Mama yako

*

Nanyuki, 14 Mei 1999

Mama,

Nimecheka mpaka Khadar akaleta maji, halafu nikalia, halafu nikacheka tena nilipofika kwa mwenyekiti na katibu. Mtoto amenipiga teke mchana wote. Halafu nimekasirika, na bado nimekasirika. Mliandaa mazishi ya baba yangu na mimi niko hapa nauza betri!

Ndiyo. Ni hiyo. Sheila alipandisha kila kitu mpaka juu ili uso wa Baba uonekane. Aliiambia kadi yenyewe: picha safi kwanza, haraka baadaye, na kila picha ingoje skrini. Amri hiyo iko juu ya mchezo. Mchezo useme usingoje mara mia, kadi haisikii.

Mwambie Sheila arudi palepale alipopita siku ile, ukurasa wa skrini, halafu ukurasa wa kadi. Aondoe alama ya kungoja, arudishe picha za haraka. Azime, awashe. Mbonyeze F8. Mkiona inapita thelathini, mmemaliza.

Lakini Mama, nisikilize, na usiseme mimi ni mkali kama nyanya niliyerithi jina lake. Mnaweza kufungua gari na Baba asirudi kwalo. Siku hizi zote anajua kuna kitu, na kila mtu anamwambia ni kichwa chake. Mimi mwenyewe nilimwambia ni mashine lakini sikuweza kumwambia nani na kwa nini. Mtu wa miaka yake, amelala akiangalia ukuta, anajiuliza kama anapata wazimu. Mwambie. Usinitumie mimi nimwambie, na usimtume Theuri, tafadhali! Theuri ataenda na godoro.

Murugi

*

Gatitu, 23 Mei 1999

Kwako mama yangu Murugi,

Naandika peke yangu leo. Baba yako hana nafasi ya kunisimamia.

Sheila alikuja Alhamisi baba yako akiwa amelala. Hakuchukua hata muda wa chai kuchemka. Alibonyeza hapa na hapa, akazima, akawasha, akaweka gari barabarani, na mimi nikabonyeza hiyo F8 yako. Hamsini na nane. Sitini. Hamsini na tisa. Nilipiga kelele kama mtu ameona nyoka. Gari linateleza, Murugi! Mimi ambaye sikuwa naona kitu, sasa niliona tofauti.

Nikakimbia chumbani. "Baba Murugi, amka, mashine imepona!" Hakugeuka. Nikamwambia namba. Akasema, "Mimi nimechoka na hiyo kitu." Nikatoa usukani chini ya kitanda, nikaupangusa, nikauweka kifuani pake. Akauweka kando. Nikambembeleza, nikagomba, nikasema nitamwita daktari, nikasema nitamwita mzee wa kanisa. Nilikaribia kumpiga na huo usukani! Halafu akauliza ukuta, si mimi, "Nani aliifunga?"

Nikasema tusiongee hiyo.

"Nimeendesha lori ya watu miaka yangu yote. Mtu akifunga gavana kwa gari langu, ananiambia. Nani aliifunga, na kwa nini?"

Basi nikakaa kwa kitanda nikamwambia. Nilianza na godoro. Sikuruka kitu, hata suti, hata kwamba nilichagua mimi ile picha. Sheila alikuwa kule sebuleni, anasikia kila kitu. Nilipomaliza nikaangalia kama anapumua, nikafikiri, Mungu wangu, nimemuua sasa kweli.

Akaketi. Akatafuta fimbo. Akatembea mpaka sebuleni, akampita Sheila bila salamu, akakaa. Mimi nikafunga usukani mahali pake. Aliuchukua ule mkono wa kulia kwa wa kushoto akauweka juu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anapanga mayai. Akaendesha. Kona ya kwanza, ya pili, ile ya daraja, mzunguko wote. Nilikuwa nimesimama na karai la kutapikia. Hakutapika. Alipofika mwisho akasimamisha gari vizuri kando ya barabara, ati hata akavuta breki ya mkono ambayo haipo.

Halafu akasema, "Sasa nifungulie hicho kitabu."

Nilimwambia kimefutwa. Sheila, huyu msichana hana akili, akasema, "Hapana, kiko, sikufuta kazi yangu." Akafungua.

Murugi, alisoma kila mstari, na kila mstari alikuwa na ugomvi. Waliandika alipenda watu wote. "Nani alisema hivyo?" Theuri. "Afute." Waliandika hakuwahi kupata ajali. "Na ile ya Kagio, niliyomwaga majani yote mtoni? Wataficha mpaka hiyo?" Wimbo wa kwanza alisema hajawahi kuupenda, na mimi nilikuwa nimeapia kamati kwamba ni wimbo wake. Nikamwambia, "Ulikuwa ukiuimba kila Jumapili." Akasema, "Nilikuwa nikiimba kwa sababu umesimama karibu na mimi unaniangalia." Sheila alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii!

Akaja mahali pa familia. Pale pameandikwa: Ameacha mjane, Waithira. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mjane wa nani?"

Sheila akanyoosha mkono ili arekebishe haraka, baba yako akamsukuma. Akatoa mkono wa kulia kwa usukani. Kile kidole cha pili, kile ambacho daktari alisema tusikitegemee, akakiinua, kikatetemeka juu ya vitufe kama kuku anatafuta mahali pa kukaa, kikashuka. Herufi ya mwisho ya neno mjane ikafutika. Akapumzika. Akakiinua tena. Githeri yangu ilikuwa motoni, nilisikia ikishika chini, harufu ikajaa nyumba nzima, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na karai, nikisubiri afike kwenye M, na sikumsaidia.

Mimi mama yako,
Waithira wa Wamae